Halijatembea, Linazunguka

Watu walimwita Sumaku, naye aliitika bila kinyongo, maana jina alilipata kazini. Popote alipokwenda alibeba mfuko wa ngozi uliochakaa, na ndani yake tochi, kioo kidogo chenye mpini mrefu, kipande cha godoro la kulalia chini, na sumaku aliyoifunga kitambaa laini isije ikakwaruza rangi. Mtu akitaka kununua gari la zamani, yale ya enzi za babu zetu yenye taa za mviringo na bati nene, alimwita yeye kwanza. Sumaku alikwenda, akalizunguka, akalala chini yake, akanusa mazulia yake, kisha akasema. Akisema chukua, unachukua. Akisema kimbia, unakimbia hata kama moyo umeshaingia ndani na kufunga mlango.

Kazi ile aliirithi kwa baba yake, fundi wa kunyoosha bodi. Mzee yule alikuwa na mikono kama mbao, lakini vidole vyake viliweza kuhisi bonde kwenye bati ambalo jicho halikuliona. Sumaku, binti yake, alipokuwa na miaka kumi, mzee alimfunga macho kwa kitambaa na kumpitisha kwenye madigadi za magari matano. "Hapa pamegongwa. Hapa pamezibwa plasta. Hapa ni pa kiwandani," mtoto alisema, na baba akacheka mpaka akakaa chini. "Macho hudanganywa na rangi, mwanangu," alimwambia. "Vidole havina mapenzi."

Basi akakua, akaolewa na fundi cherehani mcheshi ambaye hakuchoka kumtania. "Magari ya watu unayapima wiki nzima," mumewe alisema, "mimi ulinichukua hivihivi, hata boneti hukufungua."

"Wewe kutu yako ilikuwa nje," Sumaku alimjibu. "Nilijua ninachochukua."

Sifa zake zikaenea, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ujanani aliwahi kupitisha gari moja jekundu lililong'aa kama bakuli la kioo. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni jipya, anaelekea harusini, kwa hiyo hakulala chini. Alizunguka na sumaku yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka. Kumbe yalikuwa magari mawili, nusu ya mbele ya moja na nusu ya nyuma ya jingine, yaliyounganishwa kwa moto katikati ya sakafu. Baada ya miezi miwili liliachia kiungo njiani, na mnunuzi, mwalimu wa muziki, akavunjika nyonga. Sumaku alikwenda kumtazama hospitali. Mwalimu hakumtukana. Alimwuliza jambo moja tu: "Ulilala chini yake?"

Tangu siku hiyo alilala chini ya kila gari, mvua au jua, ovaroli au gauni. Akajiwekea na sharti la pili. Alichokiona alikisema kwa sauti, muuzaji na mnunuzi wote wakisikia, hata kama aliyemlipa ni mmoja wao. Madalali walimchukia kwa hilo. Wateja walilalamika, kisha wakarudi.

Miongoni mwa wateja hao alikuwepo daktari mmoja wa meno, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, aliyekuwa na magari ya zamani matatu na hamu ya la nne. Yeye gari akilinunua lilikuwa lazima lipakwe rangi upya, lishonewe viti vipya, liwekewe na redio. Sumaku alimwambia mara nyingi, "Daktari, wewe kila jino unataka kulivika dhahabu." Daktari alicheka, na hakubadilika.

Sumaku alikuwa na miaka hamsini na miwili alipoona lile tangazo. Alikuwa ameingia duka la dawa kununua vidonge vya kichwa. Ukutani, kati ya tangazo la chumba cha kupanga na la mbuzi wa maziwa, palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, herufi zimesimama wima kama wanafunzi kwenye mstari: *Gari la zamani linauzwa. Halijatembea miaka thelathini na moja. Linazunguka.* Chini yake namba ya simu.

Alisoma mara tatu. Gari lisilotembea miaka thelathini na moja alilielewa. Alikuwa ameyaona mengi ya namna hiyo, mabanda ya kuku yenye usukani. Lakini linazungukaje?

Alimpigia Daktari. "Mwenye tangazo amechanganyikiwa," Daktari alisema. "Au kuna mtu amelifunga kwenye kinu cha kusagia. Twende tukacheke."

Daktari akaipigia ile namba, akatajiwa bei na nyumba ilipo, nao wakaenda asubuhi ya Jumanne. Nyumba ilikuwa ya matofali, ndogo, imefagiliwa mpaka kwenye pembe za ngazi. Aliyewafungulia alikuwa bibi mwembamba wa miaka sabini na minane, aliyenyooka mgongo, mkono wake wa kulia ameushikilia kifuani kama aliyebeba kikombe kilichojaa. Alikuwa mkunga wa hospitali kabla ya kustaafu, na mtaani waliendelea kumwita Mkunga.

"Shikamoo, Mama," Sumaku alisema.

"Marahaba. Nani kati yenu anaijua injini?"

Daktari alimwonyesha Sumaku kwa kidole gumba. Mkunga alimtazama tangu viatu mpaka kitambaa cha kichwani, kama anayekadiria miezi ya mimba, kisha akasema, "Vizuri. Karibuni nyuma."

Nyuma ya nyumba palikuwa na banda la kuta nene lenye mlango wa mbao wa mabawa mawili. Mkunga aliuvuta kwa mkono wa kushoto. Ndani kulikuwa na giza la baridi, kavu, na harufu ya ngozi, oili na miaka. Sumaku akawasha tochi.

Gari lilikuwa limepandishwa juu ya magogo manne, magurudumu hayagusi sakafu. Lilikuwa la milango miwili, mgongo wa duara, rangi ya jani bichi iliyofifia kwa vumbi. Daktari akapiga mluzi wa chini chini. Sumaku alipitisha kitambaa kwenye kona ya mlango, na chini ya vumbi rangi ikatokea, nyembamba, ya zamani, yenye mistari midogo kama ngozi ya mkono wa mzee. Akatoa sumaku, ambayo hushika bati na kukataa plasta. Ikashika mlangoni. Ikashika kwenye madigadi, juu ya tairi, chini ya taa, na kwenye ukingo wa chini kabisa, mahali ambapo magari yote ya umri ule huwa yameoza na kujazwa plasta. Kila mahali ikashika, tap, tap, tap, kama mtu anayebisha hodi na kuitikiwa.

Akaweka sumaku mfukoni, akafumba macho, akapitisha vidole. Hakuna bonde. Hakuna mahali palipogongwa, wala palipozibwa.

"Vipi?" Daktari aliuliza.

"Ngoja."

Alitandika kipande chake cha godoro, akalala, akaingia chini. Chuma cha chini kilikuwa na oili kavu iliyogandamana na vumbi, na ndani ya gamba lile chuma kilikuwa kizima. Akafungua buti, akainua zulia. Hapo, kwenye bati tupu, palikuwa na namba iliyoandikwa kwa chaki ya buluu, mwandiko wa haraka wa mfanyakazi fulani kiwandani, mtu ambaye huenda alishakufa zamani. Chaki ambayo kidole kimoja chenye jasho kingeweza kuifuta, nayo ilikuwa imekaa pale zaidi ya miaka sitini. Sumaku alizuia pumzi asije akaipuliza. Katika miaka yake yote ya kazi alikuwa amesikia tu kwamba alama kama zile zipo.

"Daktari," alisema polepole, "njoo uone. Usiguse."

Daktari aliinama. Tai yake ikaning'inia karibu na chaki, Sumaku akaidaka.

Kisha wakaja mbele. Sumaku alifungua boneti akijiandaa kwa habari mbaya, maana bodi inaweza kulala na kuamka, lakini injini ikilala miaka thelathini na moja huwa imekufa. Pistoni hushikana na silinda kwa kutu, zikawa donge moja la chuma. Alilinganisha namba ya injini na kadi ya gari ambayo Mkunga aliitoa kwenye bahasha. Zilikuwa zilezile. Akamulika tochi chini ili aone tundu la hendeli, ile fimbo ya chuma iliyopinda ambayo zamani ilitumika kuzungusha injini kwa mkono.

Hendeli ilikuwa imo tunduni. Na hapo ndipo mkono wake uliposimama.

Kila kitu katika banda lile kilikuwa na vumbi. Taa zilikuwa na vumbi, kioo kilikuwa na vumbi, buibui walikuwa wamejenga mitaa mizima kati ya bampa na ukuta. Lakini hendeli ilikuwa inang'aa. Mahali pa kushikia, chuma kilikuwa kimelika na kulainika kama kijiko cha urithi. Akashusha tochi sakafuni. Saruji ilikuwa ya kijivu kila mahali, isipokuwa sehemu mbili mbele ya bampa, upana wa nyayo, zilizong'arishwa mpaka zikawa kama kioo.

Alikaa kwenye visigino vyake.

"Mama," alisema, "nani amekuwa akisimama hapa?"

"Mimi," Mkunga alisema. "Nimeandika kwenye tangazo. Linazunguka."

Daktari aligeuka. "Unamaanisha injini? Unaizungusha injini?"

"Kila Jumapili asubuhi, kabla ya chai. Mizunguko kumi na miwili. Na mwanzo wa mwezi nafungua zile plagi nne, natia oili kijiko kimoja kila tundu." Alisema kama anayeeleza jinsi ya kumwagilia maua. "Mume wangu alikuwa mpima ardhi. Alilipenda gari hili kuliko kula. Siku ya kwenda kulazwa hospitali alinionyesha namna ya kuzungusha, akaniambia, 'Nikiwa sipo, lizungushe, lisije likalala.' Alidhani atakaa huko wiki mbili."

"Kisha?"

"Hakurudi." Mkunga aliweka sawa mkono wake kifuani. "Na hakuna aliyeniambia niache."

Sumaku alipiga hesabu. Miaka thelathini na moja ni Jumapili zaidi ya elfu moja na mia sita. Alijaribu kuziona, moja baada ya nyingine, mwanamke anatoka zamu ya usiku wodini, amepokea watoto wa watu, anakuja hapa peke yake, anasimama kwenye nyayo zake, anazungusha.

"Unajua kuendesha, Mama?" aliuliza mwishowe.

"Mimi? Hata baiskeli sijui."

Sumaku alifungua plagi moja. Ncha yake ilitoka imelowa oili mpya, ya rangi ya asali. Akasimama kwenye zile sehemu mbili za saruji, miguu yake ikaingia sawasawa, akashika hendeli, akavuta. Alitarajia ugumu. Injini ikakubali. Ikazunguka kwa uzito mtamu, ikatoa pumzi *hff, hff* kwenye tundu la plagi, kama mtu aliye usingizini anayegeuka upande.

"Yesu na Maria," Daktari alinong'ona, naye hakuwa mtu wa dini.

Ilibidi Sumaku aseme alichokiona, kwa sharti lake. Akasimama kati yao, akafuta mikono. "Mama, sikiliza, na wewe Daktari usikie. Miaka thelathini nafanya kazi hii. Gari ambalo halijapakwa rangi, halijagongwa, injini yake ni ya kuzaliwa nayo, chini ni zima, chaki ya kiwandani bado ipo, sijawahi kuliona. Hili ni la kwanza, na sidhani kama nitaona la pili. Bei uliyomtajia Daktari kwenye simu si bei yake. Lina thamani mara nne ya hiyo, na mtu yeyote atakayekuambia vinginevyo anakuibia."

Daktari alifumba macho kidogo kama aliyechomwa sindano. Lakini alipofumbua, alikuwa bado anaitazama hendeli. "Ni kweli," alisema. "Mara nne. Nitatoa."

"Sikuuliza bei," Mkunga alisema. "Mimi nauliza nani atalizungusha. Bega hili limekataa. Jumapili tatu sasa nimesimama hapo, nimeshika chuma, mkono hauendi. Usiku silali. Nikaandika tangazo." Akamgeukia Daktari. "Wewe ukilichukua utalifanya nini?"

Hapo Sumaku aliangalia viatu vyake. Daktari angeweza kudanganya, na bibi asingejua. Alikohoa. "Nilipoingia hapa, Mama, nilitaka kulipaka rangi nyekundu."

"Na sasa?"

"Sasa naogopa hata kulipangusa vumbi."

Mkunga alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kikubwa kuliko mwili wake. "Hiyo nzuri. Mtu akiogopa mtoto mchanga, atambeba vizuri."

Jumamosi walirudi na betri mpya, petroli safi kwenye dumu, na kabureta ya gari lile, ambayo Sumaku aliisafisha mezani kwake jikoni kwa mswaki, mumewe akilalamika kwamba supu ina ladha ya gereji. Mumewe naye alikuja. Alisema hawezi kusimuliwa jambo kama lile na mtu mwingine.

Mkunga aliketi kwenye kigoda mlangoni. Sumaku akaingia kwenye kiti cha dereva, akaweka ufunguo. Mara ya kwanza stata ililia tu, injini ikakaa kimya. Mara ya pili ikakohoa, ikatoa moshi wa buluu, ikanyamaza. Sumaku alishuka, akarekebisha waya mmoja, akarudi. Fundi cherehani alikuwa ameng'ata kofia yake.

Mara ya tatu ikakohoa, ikasita, ikakohoa tena, kisha ikashika. Banda likajaa moshi, na ndani ya moshi sauti ikatulia, ikawa moja, nyepesi, sawasawa, kama cherehani nzuri kwenye kitambaa laini. Vumbi likaanza kutetemeka juu ya boneti na kuteleza lenyewe, na rangi ya jani bichi ikafunguka mbele yao, utepe kwa utepe. Sumaku aliachia usukani. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Alimfikiria baba yake, jinsi ambavyo angeweka kiganja juu ya bati lile na kukaa hivyo mpaka jua lizame.

Mkunga alikuwa amesimama. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza tumbo la mama mjamzito.

"Sauti yake nilishaisahau," alisema. "Nilidhani ni nzito zaidi."

Breki zilichukua wiki tatu. Siku ya kuliondoa, Mkunga aliomba jambo moja tu, apelekwe mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Alikataa kiti cha mbele cha dereva walipomtania akikalie. Alikwenda upande wake, upande wa abiria, akafungua mlango kwa mkono wa kushoto, akaketi, akaweka mkoba mapajani. Daktari aliendesha kwa mwendo wa maandamano ya mazishi, jasho linamtiririka, mtaa mzima umesimama kwenye vizingiti. Watoto walipiga makofi. Baadhi ya watu wazima waliokuwa wakiangalia walizaliwa mikononi mwa yule bibi, na wote waliishi karibu na banda lile miaka yote bila kujua kilichokuwemo.

Gari halikupakwa rangi. Daktari alilijengea chumba chenye mlango wa mabawa mawili, na chaki ya buluu aliifunika kwa kipande cha kioo. Mwanzoni alikuja nalo kwa Mkunga kila Jumapili, kisha mara moja kwa mwezi, kisha kazi zikamzidi, akawa anapiga simu na kuiweka karibu na injini ili bibi asikie. Mkunga alisema ni ujinga mtupu, na hakuwahi kukosa kupokea.

Ambaye hakuacha kwenda ni Sumaku. Alipita pale karibu kila wiki, kwa chai na maneno. Siku moja alimkuta Mkunga uani anaanika mashuka, mikono yote miwili juu.

"Mama! Bega?"

"Limepona," Mkunga alisema kwa hasira. "Miezi miwili ya kukaa bure, likapona lenyewe! Ningejua, ningelipumzisha tangu lilipoanza kuuma, gari langu ningekuwa nalo mpaka leo."

"Unalitaka? Nimwambie Daktari?"

Bibi alibana shuka kwenye kamba, akafikiri. "Hapana. Sasa linatembea. Ukishamfundisha mtoto kutembea humwambii arudi kitandani." Kisha akamtazama Sumaku, na mfuko wake wa ngozi. "Unakwenda wapi leo na hizo takataka zako?"

"Kuna gari jeusi upande wa pili wa mji. Muuzaji anasema halijawahi kuguswa."

"Wote husema hivyo?"

"Wote."

Mkunga aliingia ndani, akatoka amevaa viatu vya kutokea, akafunga mlango kwa ufunguo. "Twende," alisema. "Mimi nitamwangalia muuzaji usoni, wewe ulale chini."

Wakashuka ngazi pamoja, bibi mbele.